Semina ya stresi kwa walimu wanawake hapa Jinja, Uganda, nimeenda

Walimu wenzangu mlokuwa mnauliza kuhusu hii semina, pesa yangu haikupotea, shilingi elfu 30 na chai na chakula ndani. Asubuhi mnajaza maswali ya tabia, yale ya mambo matano: wasiwasi, uchangamfu, upole, bidii ya kazi na kupenda mambo mapya. Halafu mshauri anakaa na kila mtu peke yake, na hapo ndo nawapa alama zote, maana yule mama hakukimbilia majibu ya karatasi, aliniuliza kwanza jana umelala saa ngapi na ulikuwa unafanya nini. Nikamwambia nilikuwa nasahihisha insha za S.2 (sekondari mwaka wa pili), watoto wamelala, baba yao anaangalia mpira. Upole wangu ulitoka juu sana, yaani mtu wa kutokataa, hedi akikosa mtu wa zamu Jumapili naitwa mimi, mwenzangu akiugua vipindi vyake vyangu. Tukafanya mazoezi ya kukataa kwa heshima, kwa sauti kabisa, "samahani mkuu, wiki hii sitaweza, naomba apewe mwingine". Dada mmoja anayefundisha P.3 (darasa la tatu primari) alipolitamka tu machozi yakamtoka, tukamwachia nafasi alie.

Mchana ndo hawakunifurahisha. Mada yote ilikuwa tabia, tabia, kama vile ukijirekebisha wewe basi darasa nalo litapungua watoto. Sikatai, wenye wasiwasi mwingi huelemewa haraka, tafiti za walimu zinaonyesha hivyo. Lakini tangu UPE, yaani elimu ya primari bila ada, ianze 1997 wa primari wanafundisha madarasa yaliyofurika, na sisi wa sekondari tunaofundisha masomo ya arts tuliona 2022 mwenzetu wa sayansi mwenye digrii anapandishwa mshahara hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi tukabaki palepale, tukagoma, tukarudi darasani, sasa mtu huyo unamwambia avute pumzi polepole? Na ukiwa mlezi wa wasichana shuleni, pedi, mimba, mtoto aliyefukuzwa nyumbani, vyote vinakuja mezani kwako na vipindi viko vilevile. Nililisema hilo, akinamama wakaitikia ukumbi mzima, mtoa mada akapita kwa slaidi nyingine. Hii waibadilishe, jamani, walimu wamebeba mengi.

Mkienda jiandikisheni mapema mpate kukaa na yule mama, wa mwisho wanaharakishwa. Na wenye watoto wachanga muulize kwanza, chumba cha kunyonyeshea hakikuwepo.