Dodoma hadi geti la Muhimbili: basi, ndege, gari na SGR

Mama yangu ana kliniki Muhimbili kila baada ya miezi mitatu, na nyumbani kwetu ni Dodoma. Ana miaka 71, magoti yanamsumbua, na dawa za presha anazotumia zinampeleka msalani kila mara. Ndani ya mwaka mmoja nimempeleka Dar kwa njia zote nne. Naandika haya kwa ajili ya yeyote mwenye mzee au mgonjwa wa kusafiri naye. Siku hizi siulizi tena ni saa ngapi hadi Dar. Nauliza ni saa ngapi hadi geti la hospitali.

Tulianza na basi kwa sababu ndilo tulilolizoea. Tulifunga mlango saa kumi na moja alfajiri, tukafika Stendi ya Nanenane tukiwa na tiketi za siti za mbele, tukakuta zimeshakaliwa na watu wenye tiketi za namba zile zile. Kampuni sitaitaja. Tulipelekwa nyuma kabisa, juu ya tairi, na mama akapanda vile vingazi akiwa ameshika bega langu kwa mikono miwili. Mwendo haukuwa mbaya: kila dereva alipovuka 80 kile kifaa cha kudhibiti mwendo kililia, naye akapunguza. Kibaigwa, Gairo, Dumila, Morogoro. Kilichoniuma ni suala la kuchimba dawa. Basi husimama pale dereva alipopanga, si pale mgonjwa anapobanwa, na mama alilijua hilo kuliko mimi. Nilimpa chupa ya maji tangu Dodoma. Tulipofika Chalinze niliiona bado imejaa, kizibo hakijafunguliwa. Alikuwa amejinyima maji makusudi.

Tulishuka Mbezi Luis saa tisa alasiri. Kituo kile cha Magufuli, kilichozinduliwa Februari 2021 kuchukua nafasi ya Ubungo, kimejengwa vizuri na kina nafasi ya kutosha. Lakini ukishuka pale bado hujafika mjini. Una zaidi ya kilomita 20 mbele yako. Kuna daladala na bajaji, ila kwa hali ya mama tulikodi gari. Tulifika hospitalini saa kumi jioni. Saa 11 nzima barabarani, na kliniki ilikuwa kesho yake.

Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kusafiri usiku. Kijana mwenye haraka yanaweza kumfaa. Mama yangu simpandishi basi la usiku.

Safari ya pili, kaka yangu alichanga pesa ya ndege. Uwanja wa Dodoma uko mjini hapa hapa, na angani ni kama saa moja tu. Shirika tulilokata nalo lilituma ujumbe asubuhi ile ile kwamba ndege imesogezwa mbele kwa saa tatu, nasi tulikuwa tayari uwanjani. Nikiweka hilo kando, wahudumu walimsaidia mama kupanda ngazi bila kumharakisha, na kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi mjini tulipita Barabara ya Nyerere bila kukwama sana. Daraja la juu pale Tazara limesaidia tangu 2018. Kwa mgonjwa mahututi, ndege haina mpinzani. Kwa kliniki nne kwa mwaka, mfuko wetu hauwezi.

Gari la binafsi lina uzuri mmoja mkubwa: unasimama unapotaka. Mama alikunywa maji, tukasimama mara sita. Ila dereva alichoka kuliko abiria wote. Hadi Morogoro unabanana na malori ya masafa marefu, vijijini unashuka hadi 50 maana tochi za trafiki za kupima mwendo zipo, na Chalinze magari ya Tanga na Arusha yanaingia barabara hiyo hiyo. Kutoka Kibaha hadi Kimara njia ni pana sana, unapata moyo, kisha foleni ya mjini inakupokea. Kama huna mtu wa kupokezana naye usukani, usijaribu kwenda na kurudi ndani ya siku mbili. Mimi nilijaribu. Nilisinzia karibu na Gairo, na mama ndiye aliyeniamsha kwa kuniita jina.

Halafu ikaja SGR, ile reli ya kisasa ya umeme. Treni zilianza kufika Dodoma mwishoni mwa Julai 2024, nasi tulipanda mwezi wa Septemba, kwa 31,000 kila mmoja daraja la kawaida. Fika mapema, saa mbili kabla si nyingi, kwa sababu kuna ukaguzi wa mizigo kama uwanja wa ndege, na beba kitambulisho. Ndani, choo ni hatua chache kutoka kwenye siti. Kwa wengine hilo ni jambo dogo. Mama alienda mara mbili, akarudi akitembea mwenyewe kwa kushikilia siti za watu, kisha akafungua ile chupa ya maji na kunywa nusu yake. Treni ilipoingia kwenye mahandaki ya Kilosa aliniuliza, "Mwanangu, kumekucha au kumekuchwa?" Baada ya Morogoro akawa anasoma kwa sauti namba za mwendo kwenye kioo cha juu: 157, 158, 160.

Dar inakushusha mjini kabisa, kwenye jengo lile la vioo lenye umbo la tanzanite. Kutoka pale hadi Muhimbili teksi ilituchukua chini ya dakika ishirini. Tangu tufunge mlango wa nyumbani, kwa kuhesabu na muda wa kusubiri stesheni, zilikuwa saa saba kasoro kidogo.

Kliniki ijayo tiketi nimeshakata mbili. Ya mama ni ya dirishani.