Tahadhari kwa Wanunuzi wa Spea Nairobi: Vipuri Vilivyoliwa na Chumvi ya Theluji Vinauzwa kwa Jina la "Vilivyokingwa Kutu"

Ninawatahadharisha wenye magari na mafundi wa Nairobi dhidi ya muuzaji mmoja wa vipuri vilivyotumika, ambaye hutangaza bidhaa zake mtandaoni na kukutana na wateja pande za Barabara ya Kirinyaga. Anauza sabufremu (fremu ndogo inayofungwa chini ya gari na kushika mikono ya magurudumu), mikono ya magurudumu, springi na paipu za breki zilizotoka Uingereza na kaskazini mwa Japani, akidai kwamba zimetiwa kinga maalumu dhidi ya kutu ya majira ya baridi na kwamba kwa sababu hiyo zitadumu kuliko hata spea mpya. Zile zilizoletwa na wateja katika gereji tunayofanyia kazi, Eneo la Viwanda, hazikuwa na kinga ya aina yoyote. Zilikuwa vyuma vilivyokwisha kuliwa, vikapakwa rangi nyeusi nzito na kufungwa kwa plastiki. Jina lake silitaji, kwa kuwa amekwisha kubadilisha jina la biashara na nambari ya kulipia huku bidhaa na maneno yakibaki yale yale. Anayelikariri jina atampoteza, lakini anayeyafahamu maneno yake na dalili za bidhaa zake atamtambua hata akija kwa sura nyingine.

Bei yake huwa chini kidogo tu ya bei ya soko, kiasi kwamba mnunuzi haingiwi na shaka. Juu ya bei hiyo anaongeza ada ya kile anachokiita kinga ya baridi, kisha anatoa karatasi ya dhamana ya miezi 6 iliyopigwa muhuri. Wengi huiangalia miezi na muhuri, wakaacha kusoma sharti lililoandikwa chini: dhamana itabatilika endapo rangi itakwaruzwa, kipuri kitagongwa kwa nyundo, au kitaoshwa kwa petroli. Sharti hilo ndilo lililonifanya niandike. Fundi asiye na mashine za maabara hana njia nyingine ya kukijua chuma isipokuwa kukigonga, kukikwaruza na kukiosha, kwa hiyo mtu anayeyakataza mambo hayo matatu kwa maandishi anakataza ukaguzi wenyewe. Rangi iliyopakwa juu ya chuma kizima haiogopi mpini wa bisibisi.

Mteja wetu mmoja alileta sabufremu ya mbele ya Subaru Forester ikiwa bado ndani ya plastiki yake, akaomba tuifunge siku hiyo hiyo. Tuliigonga kwanza, kama tunavyofanya kwa kila kipuri kilichotumika, na sehemu kubwa ikaitika kwa mlio mkali wa chuma kizima. Tulipofika kwenye mabano yanayoshika mkono wa chini wa gurudumu la kushoto, mlio ukawa mzito na butu, na ncha ya bisibisi ilipobonyezwa kwa nguvu ya mkono tu ikapenya rangi, ikapenya fila (lipu ya kuzibia mashimo ya bati) iliyojazwa chini ya rangi, kisha ikatokea upande wa pili. Ndani mlikuwa na magamba ya kutu yanayobanduka kwa tabaka, na katikati yake kipande cha kitambaa cha faiba kilichowekwa ili kushikilia fila. Muuzaji alipopigiwa simu alijibu kwamba dhamana imekufa kwa sababu tumeikwaruza rangi. Baadaye walikuja wateja wengine na karatasi ile ile, mmoja akiwa na springi na mwingine akiwa na paipu za breki.

Nisieleweke kwamba ninalilia fedha peke yake. Mabano yale ndiyo yanayolishika gurudumu la mbele lisirudi nyuma wakati dereva anapofunga breki, na yakichanika gari likiwa katika mwendo wa Barabara ya Thika, gurudumu linajikunja na usukani haumtii tena mtu yeyote. Paipu ya breki iliyoliwa na kutu nayo haitoi onyo la maana: inavuja kidogo, kisha inapasuka siku ile kanyagio litakapobonyezwa kwa nguvu kuliko kawaida, na siku hiyo kwa kawaida huwa ni siku ya hatari.

Chanzo cha kutu hii ni chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Chumvi hushusha kiwango cha joto ambacho maji hugandia, na ndiyo maana Uingereza humwaga chumvi ya mawe, nyingi yake ikichimbwa Winsford katika jimbo la Cheshire, kwenye barabara zake kila majira ya baridi. Wanunuzi wengi hapa wanaamini kwamba shida hii ni ya Uingereza tu na kwamba neno "Japani" linatosha kuwa uthibitisho. Halitoshi. Hokkaido na Tohoku za kaskazini mwa Japani, pamoja na pwani ya Bahari ya Japani, hupata theluji nyingi sana, na baada ya sheria ya mwaka 1990 kupiga vita tairi zenye misumari, ambazo ziliikwaruza lami na kutoa vumbi lililowadhuru watu, matumizi ya chumvi barabarani yaliongezeka. Gari la Hokkaido lenye umri wa miaka 7 linakubalika kuingia Kenya kwa kanuni yetu ya miaka 8, lakini tumbo lake limeogeshwa maji ya chumvi kwa majira 7 ya baridi, tofauti kabisa na gari la umri huo huo lililoishi Okinawa au Osaka, ingawa la Okinawa nalo lina upepo wa bahari wa kuangaliwa.

Muuzaji huyu ana jibu lililokwisha kuwashawishi watu wenye akili timamu, nalo linastahili kujibiwa kwa utulivu. Husema kwamba hata kama kipuri kilikuwa na kutu kidogo, kutu hiyo imelala, maana Nairobi hakuna theluji wala chumvi barabarani. Ukweli ni kwamba chumvi husafiri pamoja na chuma. Chembe zake hujificha ndani ya vinyweleo vya kutu, katika mikunjo ya bati na nyuma ya bushi (mipira ya kwenye maungio), na hazitoki kwa kufutwa kwa kitambaa. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta unyevu wa hewa na kuyeyuka pale unyevu unapofika takriban asilimia 75, na kloridi ya kalsiamu, ambayo nayo hutumiwa kuyeyusha barafu, huanza mapema zaidi, kwenye takriban asilimia 30. Usiku wa Nairobi wakati wa mvua za masika, au asubuhi zile za mawingu za Juni na Julai, unyevu huvuka asilimia 75 bila shida. Isitoshe, kutu hufanya kazi kwa kasi zaidi kwenye joto kuliko kwenye barafu, kwa hiyo kipuri kilichotoka kwenye baridi ya chini ya sifuri kikaletwa kwenye nyuzi 25 za mchana wetu hakijapumzishwa. Kimepelekwa mahali ambapo kinaliwa upesi zaidi.

Kupaka rangi juu yake hakusaidii, na mara nyingi hudhuru. Kloridi, yaani ile sehemu ya chumvi inayochochea kutu, ikibaki chini ya rangi huendelea kula chuma, kutu inayozaliwa huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa, rangi inavimba na kufunguka nyufa ndogo, na maji yakiingia humo hayatoki tena. Hata yule anayefanya kazi kwa uaminifu, akaondoa kutu yote kwa mchanga wa kupulizwa, akaosha chumvi kwa maji safi, akakausha na kupaka rangi ya msingi yenye zinki, hawezi kuurudisha unene wa chuma uliokwisha kwenda. Kinga ya kweli huwekwa chuma kikiwa bado kizima. Wenye magari wa nchi za theluji wanaojali hupaka nta au mafuta ya lanolini ndani ya mashimo ya fremu kabla baridi haijaanza, huosha tumbo la gari kwa maji safi baada ya kupita kwenye chumvi, na huhakikisha vitundu vya kutolea maji havijazibwa na tope. Viwanda navyo hupaka zinki, ambayo huliwa badala ya chuma, kama ilivyo kwenye mabati ya nyumba zetu. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo inayoweza kufanywa nyuma ya kibanda, juu ya kipuri kilichokwisha kuoza, kwa kopo moja la rangi ya kupuliza.

Kabla hujalipa, basi, mtake muuzaji akifungue kipuri mbele yako na mbele ya fundi wako. Kigongeni kote kwa nyundo ndogo mkisikiliza mahali mlio unapobadilika, na mkazanie sehemu zilizochomelewa, mabano, na zile zilizoungwa kwa bati mbili, kwa sababu humo ndimo maji ya chumvi hukaa. Chukueni tochi mchungulie ndani ya mashimo: wanaopaka rangi hupaka nje, na magamba ya ndani hubaki yakionekana. Angalieni pia kama rangi imefunika nyuzi za bolti, bushi za mpira na vibandiko vya kiwandani, maana kiwanda hakipaki rangi juu ya mpira. Sumaku inayoshika kwa udhaifu mahali pamoja kuliko pengine inaonyesha kwamba hapo chini pana fila. Na ikiwa unanunua nusu ya mbele ya gari, au gari zima, iombe karatasi ya mnada wa Japani, ambamo herufi S huashiria kutu na herufi C huashiria chuma kilicholiwa. Katika ukaguzi wa magari wa Uingereza, kutu iliyodhoofisha chuma ndani ya sentimita 30 za mahali panaposhika springi, usukani au mkanda wa usalama inatosha kulikatalia gari cheti, na kipimo hicho kinatufaa hata sisi.

Kwa haki ya wauzaji waaminifu, ambao ni wengi na ambao sisi mafundi tunawategemea, niseme kwamba si kila wekundu ni ubovu. Diski za breki hupata kutu nyepesi baada ya usiku mmoja wa mvua, nayo huondoka ukifunga breki mara chache. Vipuri vya chuma kinene cha kusubu huwa na ukungu wa kutu juu huku ndani vikiwa imara. Muuzaji anayekuonyesha kutu hiyo waziwazi ni wa kuaminiwa kuliko anayeificha.

Kuhusu malipo, usitume fedha zote kwa M-Pesa kwa kuonyeshwa picha tu, na risiti iandike kipuri kimetoka gari gani, nchi gani, na muuzaji ameahidi nini juu ya kutu. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouzwa kwayo. Malalamiko hupokelewa na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na kwa madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 ipo Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60 na ambamo unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Mteja wetu wa sabufremu anaelekea huko, akiwa na picha tulizompigia za sabufremu kabla na baada ya kuikwaruza rangi.

Kama tayari umefungiwa kipuri chenye karatasi ya dhamana ya namna hii, usingoje kusikia mlio. Lipeleke gari gereji, linyanyuliwe na kuwekwa juu ya stendi, mabano ya mikono ya chini na paipu za breki zikaguliwe kwa nyundo na tochi pasipo kujali sharti la rangi, na hadi hapo usilipeleke kwenye barabara za mwendo wa kasi. Kipuri kikikutwa kimeoza, kihifadhi pamoja na plastiki, risiti na ujumbe wote wa simu. Muuzaji huyu huomba arudishiwe kipuri kwanza ndipo "aangalie namna ya kusaidia", na aliyekubali kumrudishia alibaki hana fedha wala ushahidi.