Noti yangu ya 1929 na muuzaji wa vidole vya mafuta

Nilishaamua kunyamaza, lakini kila nikifungua albamu hasira inapanda upya.

Ilikuwa kwenye maonyesho ya sarafu na noti hapa Ohio, si zamani sana. Nilipeleka dola 10 ya mwaka 1929, ile yenye mhuri wa kahawia na jina la benki ya mji mdogo kushoto kwa picha ya Hamilton. Ndicho ninachopenda katika noti hizi: kuanzia 1863 hadi 1935, hata kamji ka wakulima kaliweza kuwa na pesa yenye jina la benki yake, na sahihi za keshia na rais wake.

Yule muuzaji alikuwa anakula kuku. Salamu hakuitikia. Akaichomoa noti kwenye plastiki, akainyoosha pembe iliyokunjika kwa dole gumba linalong'aa mafuta. "Imechoka. Dola 12." Yaani dola mbili tu juu ya ile 10 iliyoandikwa! Jina la mji hakulisoma. Noti kuukuu ya benki iliyotoa chache inaweza kuishinda mpya kabisa ya benki kubwa ya New York, na yeye ndiyo kazi yake!

Noti hizi za 1929 zina aina mbili; nikamwambia yangu ni Aina ya 1. Hapo, lazima nimpe haki yake, alinisahihisha. Kwenye yangu, namba ya chata ya benki, yaani ya kibali chake cha serikali, imechapwa mara nne: mbili nyeusi pembeni, mbili za kahawia karibu na namba ya noti. Aina ya 1 ina zile nyeusi tu, na namba ya noti huishia kwa herufi. Yangu haina herufi mwishoni, kwa hiyo ni Aina ya 2. Miaka miwili nimeiandika vibaya kwenye daftari, na yeye ameiona kwa kutupa jicho tu. Jicho analo. Nikataka hata kumshukuru.

Lakini ngoja kwanza. Aina ya 2 ilitoka miaka ya mwisho tu, 1933 hadi 1935. Kama aliijua, ile dola 12 ilikuwa ya nini? Hakukosea huyu. Alinipima mimi.

Nilitaka kuwaambia msiende kabisa. Nendeni, meza ni nyingi na wengine ni waungwana, ila noti isitoke kwenye plastiki. Yangu sasa ina doa la mafuta kando ya mhuri, na siwezi kuiosha, maana noti iliyooshwa wakusanyaji wanaikataa. Kila nikiiangalia naliona lile dole gumba.