Ortisei, Val Gardena: siku nne kwenye theluji, hela yako iweke wapi

Mambo vipi ndugu zangu, na wakubwa mnaotazama shikamooni. Leo niko Ortisei, kaskazini kabisa mwa Italia kwenye milima ya Dolomiti, ni siku yangu ya nne na kesho narudi Verona, kwa hiyo nimeona nirekodi sasa hivi mambo yakiwa bado ya moto. Wengi mmeniuliza, mtu ambaye hajawahi kuvaa ski, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, maishani mwake akija huku hela yake si itapotea bure? Haipotei, ila inategemea unailipia nini, na hapo ndo nataka tuelewane.

Tuanze na tiketi maana ndo inaumiza watu. Kuna tiketi kubwa ya lifti za kukupandisha mlimani, inaitwa Dolomiti Superski, inakufungulia maeneo 12, njia za kuteleza kilomita 1,200, na msimu wa watu wengi ni zaidi ya euro 80 kwa siku moja. Sasa wewe ndo unaanza, siku ya kwanza utashinda kwenye kimteremko kifupi, unapanda na mkeka wa umeme, unashuka, unapanda tena, hizo kilomita 1,200 utazifanyia nini? Usinunue. Ulizia tiketi ya lifti za wanaoanza tu, na hela inayobaki mpe mwalimu, tena bila kusita.

Mimi nilichukua mwalimu masaa mawili kila asubuhi, siku tatu, kule Alpe di Siusi. Huo ni uwanda mkubwa wa malisho juu ya mlima, kilomita za mraba 56, wakati wa baridi unafunikwa theluji wote, na kutoka hapa kijijini unapanda kibanda cha kwenye waya, dakika chache tu uko mita 2,005 juu ya usawa wa bahari. Kitu alichonifundisha ambacho nisingekijua mwenyewe ni hiki: ukiogopa unaegemea nyuma, na ukiegemea nyuma ndo ski zinakimbia zaidi. Inabidi ukandamize mfupa wa mguu mbele kwenye ulimi wa buti, ncha za ski uzikaribishe kama paa la nyumba, macho uyapeleke mbali. Siku ya kwanza mwili unakataa kabisa. Siku ya pili kama saa tano hivi nikashuka mteremko mzima bila kuanguka, nikasimama mwenyewe pale chini, na wallahi nililia.

Mabuti sasa, nisikilizeni vizuri. Duka nililokodi walinipa yaliyozidi saizi, nikaambiwa ndo yanavyokuwa, jioni miguu imevimba mbele pote. Buti la ski linatakiwa likubane, kidole gumba kiguse mbele ukisimama wima, ukikunja goti kirudi nyuma kidogo. Kisigino kikiinuka, rudisha hapo hapo, usione aibu. Na kofia ngumu kuanzia msimu wa 2025/2026 ni lazima kwa kila mtu Italia, mkubwa kwa mdogo, na bima ya kumlipa mtu ukimgonga ni lazima tangu 2022, unaweza kuinunua pamoja na tiketi.

Kwa wanaojua tayari, mwenzangu niliyekuja naye alizunguka Sellaronda, unauzunguka mlima wa Sella mzima kupitia mapito manne ya mlimani, Gardena, Campolongo, Pordoi na Sella, kama kilomita 40 ukihesabu na lifti. Vibao vya rangi ya chungwa unafuata mshale wa saa, vya kijani kinyume chake. Muhimu uondoke kabla ya saa nne asubuhi na saa tisa na nusu uwe umeshavuka pito la mwisho, lifti zikifungwa umebaki bonde la watu wengine na safari ya teksi ya kurudi ni ndefu mno.

Chakula jamani. Huku kulikuwa Austria mpaka baada ya vita kuu ya kwanza, kwa hiyo usitegemee piza na tambi tu. Kuna canederli, madonge ya mkate mkavu uliolowekwa na maziwa na mayai, yanaletwa ndani ya supu. Mengi yana speck, hiyo ni nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, kwa hiyo wenzangu Waislamu omba ya jibini au ya mchicha, na uulize supu imepikwa na nini. Polenta ni ugali, ugali kabisa wa mahindi ya njano, nimeula na uyoga kwenye mgahawa wa juu kule, nje baridi inakata masikio, sahani inatoa mvuke, nikamkumbuka mama yangu Handeni.

Ila kilichonikaa moyoni zaidi ni kijiji chenyewe. Kibao cha kuingilia kina majina matatu, Ortisei kwa Kiitaliano, St. Ulrich kwa Kijerumani, Urtijëi kwa Kiladino, na hicho cha tatu ndo lugha ya nyumbani hapa. Wasemaji wake bonde zote hizi ni kama elfu 30 tu, lakini watoto wanafundishwa shuleni, dukani unawasikia wanasalimiana nacho. Mimi Kizigua cha bibi nakisikia vizuri, kukijibu ndo napata shida, kwa hiyo pale dukani nilisimama tu nasikiliza muda mrefu.

Na wanachonga. Kuchonga mbao bonde hili kumeanza karne ya 17, watakatifu wa makanisani, wanyama wa hori la Krismasi. Maduka mengine yanauza vya mashine, uliza kama ni cha mkono, bei inapishana sana. Nilimkuta mzee mmoja karakana yake iko wazi, anachonga msonobari wa huku juu, harufu imejaa mpaka barabarani. Nimenunua huyu punda, ngoja nimsogeze kwenye kamera, mnaona hizi alama za patasi hapa kwenye masikio? Nilimuuliza mbona hajapiga msasa, akaniambia anaziacha makusudi, mtu ajue mkono umepita hapa.