Wakala au kikundi cha maigizo: mtoto aanzie wapi?

Mtoto akianza kuomba kuigiza, wazazi wengi hukimbilia wakala, yaani mtu anayewatafutia waigizaji kazi. Mimi ningempeleka kwanza kwenye kikundi cha maigizo. Huko atajifunza kukariri maneno, kupaza sauti, kusubiri zamu, na hata kukosa nafasi aliyoitamani bila kukata tamaa. Akichoka, anaacha, hakuna mkataba unaombana.

Wakala ana faida yake: hupata habari za usaili ambazo hazimfikii mzazi. Lakini wakala wa kweli hula asilimia ya malipo, mara nyingi 10 hadi 20, baada ya mtoto kupata kazi. Anayedai ada ya usajili, au kukulazimisha ulipie picha kwa mpigapicha wake, mkimbie. Picha za simu zilizopigwa karibu na dirisha zinatosha kuanzia. Sura ya mtoto hubadilika upesi mno.

Kwa uanamitindo, kikundi hakisaidii sana, wakala huhitajika mapema. Hapo usimwache mtoto peke yake, na fedha zake mwekee. Jimbo la California, Marekani, lilitunga sheria ya kulinda mapato ya waigizaji watoto mwaka 1939, baada ya Jackie Coogan, aliyekuwa nyota wa filamu utotoni, kukuta mama yake na baba wa kambo wametumia karibu yote aliyochuma wakati huo.