Uwatu wa ami, Usita wa Mui: nunua punje, unga uache

Mnaoniuliza uwatu mzuri Lamu uko wapi: kuna duka dogo la viungo Usita wa Mui, lenye magunia yaliyokunjwa midomo mlangoni, punda akipita lazima ujibanze. Mwenye duka ni mzee, sote twamwita ami. Uwatu wake ni wa punje, hauna mchanga, na hanuni ukiutafuna kabla ya kununua. Kwanza uchungu, kisha ulimi unateleza.

Nafundisha kemia, kwa hiyo sikuishia kutafuna. Niliutwanga, nikauloweka kwenye asidi hafifu, nikachuja, nikadondoshea iodini iliyoyeyushwa pamoja na potasiamu ayodidi. Mashapo ya hudhurungi yakajikusanya chini: dalili ya alkaloidi, yaani kemikali za mimea zenye naitrojeni. Ni alkaloidi gani, kipimo hicho hakisemi. Maarufu ya uwatu ni trigonelini, aliyoitenga Mjerumani Ernst Jahns mwaka 1885, nayo ina vituko vyake. Alkaloidi nyingi ukizitia amonia huyaacha maji zikakimbilia kwenye kloroformu, kimiminika kisichochanganyika nayo. Hii hung'ang'ania maji. Kuitambua kwa yakini kunataka kromatografia, njia ya kutenganisha kemikali moja moja, na trigonelini safi kando ya kulinganishia. Maabara ya shule yetu haina.

Iodini hiyohiyo niliidondoshea unga wa uwatu wa kopo nilioununua kwengine, wenye lebo ya kung'aa inayoahidi kumaliza kisukari. Ukawa bluu-nyeusi papo hapo. Huo ni wanga! Uwatu uliokomaa wanga wake ni mdogo mno. Ule utelezi ni galaktomanani, aina ya nyuzi, si wanga. Mtu kachanganya unga mwingine wenye wanga, kisha anauza mara tatu ya bei ya ami. Nilipomsimulia ami alicheka: "Mwalimu, mie nauza mbegu. Sukari kamuone daktari."

Kasoro zipo. Anafungia kwenye gazeti, linatoboka kabla hujafika nyumbani, na baada ya adhuhuri hufunga duka akalala. Tena dukani mwake kuna kopo la popoo, ambamo Jahns huyohuyo alitoa alkaloidi nyingine, arekolini, mwaka 1888. Popoo siinunui, inaleta saratani ya kinywa. Ami mwenyewe anaitafuna na tambuu, meno mekundu, na hapo hatusikizani kabisa.

Nendeni baada ya alasiri, na mchukue chombo chenu.