Nguo za usaili wa jumba la sanaa: mtumba wa Karume na fundi wa Magomeni

Kama umeitwa usaili wa kazi ya msaidizi kwenye jumba la sanaa hapa Dar na hujui uvae nini, hizi ndizo nilizoingia nazo mimi kule Masaki: kadeti ya bluu iliyokoza, shati jeupe la kitani, mtandio wa pamba na viatu vya ngozi vya chini. Ukiacha mtandio, vyote ni mtumba. Na fundi cherehani naye nitamtathmini, maana nguo ya mtumba bila fundi ni nusu nguo.

Shangazi yangu alisisitiza suti nyeusi. Namheshimu sana, lakini suti nyeusi ingefaa benki. Msaidizi wa jumba la sanaa anabeba fremu, anapanda ngazi, anapiga magoti kupima kimo kutoka sakafuni, anafungua makasha yenye vumbi. Anayekusaili anajua hivyo, na kabla hujafungua mdomo ameshaona kama nguo yako inaweza kazi.

Rafiki zangu wao walisema kitenge, kwa kuwa ni sanaa. Kitenge nakipenda na kabatini kwangu kimejaa. Sasa fikiria mchoro wa Tingatinga: rangi za mafuta zinazong'aa, zile za kupakia baiskeli, ambazo Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alizipaka juu ya hadibodi mpaka alipofariki mwaka 1972. Au fikiria mashetani ya msanii George Lilanga, viumbe vyenye masikio makubwa, rangi juu ya rangi. Ukisimama pembeni yake na kitenge cha maua makubwa, mgeni hajui atazame wapi. Kazi ya msanii ndiyo imewaleta watu pale, kwa hiyo nguo yako inabidi ikae nyuma yake. Kwa usaili wa namna hii mimi nachagua rangi moja tulivu kuanzia juu hadi chini, au mbili zinazoelewana.

Kadeti niliipata soko la Karume kwa 15,000. Nenda asubuhi, belo likiwa limefunguliwa muda si mrefu, na uvae dera. Nilipitisha kadeti chini ya dera palepale kwenye kijia, nikachuchumaa, nikainuka, nikanyanyua mguu kama napanda ngazi. Muuzaji akaniambia, "Dada, hiyo usiiachie, ya leo leo." Nami sikuiachia, lakini kwanza niliigeuza ndani nje. Angalia mshono wa katikati ya miguu, ndipo kadeti nyingi za mtumba zinapoanza kulika. Angalia zipu inashuka hadi mwisho bila kukwama. Angalia mifuko kama haijatoboka, kwa sababu utaweka futi na penseli. Na iwe penseli kweli, kalamu ya wino haina kazi karibu na mchoro wa mtu.

Kiuno kilikuwa kikubwa na miguu mirefu, nikaipeleka kwa fundi mmoja Magomeni, mzee wa makamo ya baba yangu. "Shikamoo fundi." "Marahaba mwanangu, hii imetoka kwa mrefu." Kiuno alikipunguza vizuri mno, kwa nyuma, akaacha kitambaa ndani ili nikinenepa kiachiwe. Huo ni ufundi ambao maduka mengi ya nguo mpya hayakupi. Pindo ndilo lililoharibika. Alishona kwa uzi wa nailoni unaong'aa, na nyumbani kwangu kwa taa ya kawaida ulikuwa hauonekani kabisa. Kwenye jumba la sanaa taa zinamulika kutoka juu, kali, zimeelekezwa ukutani, na kila nikisogea karibu na mchoro ule uzi ulikuwa unametameta kuzunguka vifundo vya miguu. Nilipomrudishia alifumua bila ubishi, akashona upya kwa uzi wa pamba na hakunidai kitu. Kazi yote ya kadeti 7,000. Nampa alama nzuri, ila mwambie mapema unataka uzi wa namna gani, na uijaribu nguo chini ya tochi ya simu kabla hujatoka kibandani kwake. Tochi hiyohiyo itakuonyesha nyuzi na vumbi la mabegani.

Shati, 8,000. Kitani kinapitisha upepo, na Dar ya Februari unajua mwenyewe. Ila kinakunjamana. Nilipanda mwendokasi Magomeni hadi Morocco, nikamalizia kwa bajaji, na nilipofika mgongo ulikuwa umeshafanya mistari. Ukipata kitani kilichochanganywa na pamba, chukua hicho. Mikono iwe ya kufunga kwa kifungo: mikono mipana inapiga vitu mezani.

Viatu ndivyo ninavyovisifia kuliko vyote. Vya ngozi, rangi ya kahawia, 20,000, na fundi viatu aliviwekea soli mpya ya mpira kwa 10,000. Sakafu ya pale ni saruji iliyosuguliwa, na chumba kiko kimya hivi kwamba kisigino kingesikika mpaka ofisini. Raba safi pia zingekubalika, meneja mwenyewe alikuwa amezivaa.

Wanaovaa mtandio, hili ni lenu. Ncha zote ziingie ndani ya shati na zibanwe. Sehemu kubwa ya usaili wangu ilikuwa kutembea na kutazama, na kila unapoinama kusoma kibandiko kilichopo chini ya kazi, mtandio unaoning'inia unafagia ukuta, au unafagia mchoro. Niliona macho ya msaili yakienda kwenye mtandio wangu, yakatulia. Hakusema kitu.

Mikononi sikuvaa chochote. Bangili, pete yenye jiwe, saa, vyote vilibaki nyumbani, na mkanda wa chuma mbele sikufunga, kwa sababu fremu unaibeba ukiwa umeielekeza kifuani na kipande cha chuma tumboni kinaweza kuchubua rangi. Sikupaka mafuta viganjani. Na kweli ilifika zamu hiyo: waliniomba nishike upande mmoja wa fremu kubwa tuisogeze kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine. Dada niliyeitwa naye usaili siku hiyo alikuwa amependeza, koti zuri la kubana, lakini ilimbidi kwanza avue bangili moja moja huku sisi tumesimama tunasubiri, na koti halikumruhusu kuinua mikono.

Jumla imenigharimu 60,000, mtandio nilikuwa nao. Karume narudi bila wasiwasi. Fundi wa Magomeni narudi pia, safari hii na kidonge cha uzi wa pamba mkononi. Kwa anayeitwa sehemu kama Nafasi Art Space pale Mikocheni, ambako wasanii wanafanyia kazi palepale, mimi ningebadilisha shati tu: la pamba nzito, rangi ya mkaa, kwa kuwa kwenye studio rangi mbichi haiko mbali na shati jeupe.